Nipe Mji: Namna ya Kutunga Fumbo la Wikiendi na Kuwagawia Wenzako

Fumbo langu la kwanza liliharibiwa na mchicha. Nililichora kwenye daftari la hesabu, nikalipiga picha barazani, nikalituma kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenda maneno: watu thelathini na ushee, wengine tuko huku Mkuu wilayani Rombo, wengine Moshi mjini, wengine walishateremka Arusha na Dar es Salaam kutafuta maisha. Chai haijapoa, maswali yakaanza. "Mboga ya majani, visanduku vitano, ndiyo mboga gani hiyo?" Kwangu jibu lilikuwa wazi: M-CH-I-CH-A. Wenzangu, kwa haki kabisa, walikuwa wanahesabu herufi saba. Walijaribu kila mboga inayoota Rombo, wakachoka. Mwisho mwalimu mmoja mstaafu akaandika: "Kijana, fumbo ni zuri, ila sheria zake unazijua peke yako."

Nikajibu, "Shikamoo Mwalimu, nimekosa." Tangu siku hiyo kila fumbo ninalotunga naliuliza kwanza swali la Mwalimu.

Mtegaji ana haki ya kuficha jibu. Hana haki ya kuficha sheria. Wazee waliotutegea vitendawili walilijua hilo. "Kitendawili!" "Tega!" Hapo kila mtu keshajua kinachofuata. Na aliyeshindwa ana mlango wa kutokea: anaambiwa "nipe mji", anautoa, mtegaji anautembelea kwa mbwembwe, anakula na kunywa huko, kisha analazimika kulitoa jibu. Hakuna anayeachwa gizani hadi kesho. Fumbo la visanduku, lile tulilozoea kuliona magazetini kwa jina la chemsha bongo, ni jambo la juzi tu likilinganishwa na vitendawili. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alichapisha la kwanza kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi. Haukupita muda mrefu wasomaji wakaanza kumpelekea ya kwao waliyotunga nyumbani. Kwa hiyo ukikaa mezani na penseli Ijumaa usiku, unafuata nyayo za wengi.

Vifaa ni vichache: daftari la hesabu lenye miraba, penseli, kifutio, kamusi na simu. Mengine yako kichwani.

Kwanza andika sheria, ndipo uchore

Kiswahili kina tabia zake, na fumbo linalozipuuza humchosha mtu bure. Kabla ya mstari wa kwanza, amua mambo matano na uyaandike juu ya kila fumbo utakalotuma.

1. Herufi pacha. CH, SH, NY, DH, TH na GH zinakaa kisanduku kimoja au viwili? Mimi siku hizi natumia viwili, kila herufi na chumba chake, kwa sababu ndivyo watu wanavyohesabu kwa vidole. Chagua utakavyo, ila ukichagua usiyumbe.
2. Ritifaa. Kile kialama cha NG'OMBE na NG'AMBO hakipewi kisanduku. NG'OMBE ni herufi sita.
3. Vitenzi. Vinaandikwa bila KU ya mbele: LIMA, si KULIMA.
4. Umoja na wingi. Jibu ni umoja, isipokuwa kidokezo chenyewe kiko katika wingi. Ukiuliza "matunda", mteguaji ana haki ya kutarajia wingi.
5. Mwamuzi. Taja kamusi moja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, na BAKITA walitoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Ipi ni bora si hoja. Hoja ni kwamba watu wawili wakibishana usiku wa Jumapili, iko mahali pa kwenda kuangalia.

Sheria ya tano inaokoa urafiki. Huku kwetu, kama sehemu nyingine nyingi, wapo wanaoteleza kati ya L na R. KALAMU na KARAMU zote ni maneno halali, na moja huandika wakati nyingine hulisha. Ukitumia neno kama hilo, hakikisha kisanduku cha L au R kinapitiwa na neno la pili, ili atakayeteleza asahihishwe na fumbo lenyewe badala ya kusahihishwa na wewe mbele ya watu.

Tabia nyingine za lugha ni zawadi kwa mteguaji, nawe uzijue. Kiswahili hakina Q wala X. C haitembei bila H, kwa hiyo anayeipata C keshampata na jirani yake. Na karibu kila neno linaishia na irabu. Mtu akikwama, kisanduku cha mwisho cha neno kina herufi tano tu za kujaribu.

Ubao wa drafti

Sasa tuchore. Wengi hukwama hapa: wanaanza na neno refu, wanapachika la pili, la tatu linakataa, wanafuta mpaka karatasi inatoboka. Ngoja nikupe siri ambayo ingeniokolea vifutio vingi.

Tazama neno KAHAWA: K-A-H-A-W-A. Konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, mpaka mwisho. Maneno mengi ya Kiswahili hutembea hivyo, mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Chukua ukurasa wako wa miraba, upake kwa penseli hafifu kama ubao wa drafti: cheusi, cheupe, cheusi, cheupe. Halafu jiwekee kanuni hii: konsonanti hukaa kwenye vyeusi, irabu kwenye vyeupe. Neno linaloanza na konsonanti lianzie kwenye cheusi. Linaloanza na irabu, kama ULEZI, ASALI au UPEPO, lianzie kwenye cheupe. Ukishika kanuni hiyo, maneno yanayopishana hayatagombana kwa aina ya herufi: konsonanti itakutana na konsonanti, irabu na irabu. Kazi inayobaki ni kutafuta herufi yenyewe.

Huu hapa mfano mdogo wa visanduku vitano kwa vitano. Alama ya # ni kisanduku kilichozibwa.

U L E Z I
G # L # M
A K I B A
L # M # R
I N U K A

Usome kwenda kulia, kisha kwenda chini. Ni maneno sita, yote yanaanza na irabu, na yote yameanzia kwenye visanduku vyeupe. Namba zinafuata pale neno linapoanzia: 1 kwenye kona ya juu kushoto, 2 katikati ya mstari wa juu, 3 kona ya juu kulia, 4 mwanzo wa mstari wa tatu, 5 mwanzo wa mstari wa mwisho. Vidokezo vyake vinaweza kuwa hivi:

Kulia
1. Nafaka inayokutana na ndizi kwenye mtungi wa mbege (5)
4. Wahenga wanasema haiozi (5)
5. Amri kwa aliyeketi (5)

Chini
1. Husongwa, lakini halalamiki (5)
2. Bahari isiyo na samaki (5)
3. Madhubuti (5)

Sasa nikuonyeshe kasoro yake mwenyewe kabla hujaigundua. Makutano yote tisa ya fumbo hili ni irabu. Mteguaji aliyepata ULEZI anazawadiwa U, E na I, na irabu ni msaada mdogo, maana ziko tano tu na zimejaa kila mahali. Konsonanti ndiyo inayofungua neno. Kwa fumbo la wanaoanza si neno, mradi vidokezo viwe vyepesi kama hivyo. Ukipanda hadi visanduku tisa kwa tisa, hakikisha kila neno gumu limekatwa na jirani yake angalau mara moja kwenye konsonanti.

Yapo maneno yanayogoma kufuata drafti: yenye MB, ND, NG, CH, SH, MW, na yenye irabu mbili zilizofuatana kama PAA na KAA. Jina la mji wangu ni mojawapo. M-K-U-U huanza na konsonanti mbili na kuishia na irabu mbili. Wagomaji kama hao wapeleke pembezoni, ambako watakutana na neno moja tu, au wafanye nguzo za kati na ujenge mengine kuwazunguka. Usiwatupe. Fumbo la Kiswahili lisilo na NDIZI wala CHUNGU linanuka ugeni.

Mraba wa silabi

Wapo watu wanaopata shida na herufi mojamoja: wazee ambao macho yamepungua, na watoto wa darasa la pili. Kwao kuna njia ninayoipenda kuliko zote. Kila kisanduku kibebe silabi nzima. Wajapani ndivyo wafanyavyo: mafumbo yao hujazwa kwa herufi za kana, na kila moja ni silabi. Kiswahili kinaikubali njia hiyo kama mguu na ndara.

KI | HA | MBA
LI | # | WA
MA | KA | LA

Kulia: KIHAMBA, MAKALA. Chini: KILIMA, MBAWALA. Visanduku vinane tu vimebeba maneno manne. Kidokezo cha KIHAMBA chaweza kuwa "Migomba, kahawa na makaburi ya babu mahali pamoja". Cha MAKALA: "Unayoisoma sasa hivi". Cha MBAWALA: "Swala wa msituni mwenye madoa meupe". KILIMA hakihitaji mbwembwe. "Kidogo kuliko Kilimanjaro" kinatosha.

Sheria ya silabi ni makofi. Tamka neno polepole ukipiga kofi kwa kila mdundo. M-TO-RI ni makofi matatu, kwa hiyo M inapata chumba chake. MWA-LI-MU ni matatu pia, lakini hapo M imeolewa na WA. N-CHI ni mawili. Na kuna neno moja la huku kwetu ambalo naliweka akiba kwa wabishi: mbuni. Ndege yule mkubwa asiyeruka ni MBU-NI, makofi mawili. Mti wa kahawa ni M-BU-NI, makofi matatu. Maandishi ni yaleyale, ila mti una kofi la ziada.

Kidokezo ni mlango, si ukuta

Kupanga maneno kwenye mraba ni ufundi. Kuandika vidokezo ndiko kunakowaleta watu Jumamosi ijayo. Jifunze aina tano, uzichanganye.

Aina ya kwanza ni maana ya wazi: "Madhubuti", jibu IMARA. Kila fumbo liwe nazo tatu nne za kumpa mtu pa kushika.

Ya pili ni pengo la methali. Hizi ni chakula cha wazee. "Mgeni njoo, mwenyeji ____": APONE. Wanazijaza kabla hawajavaa miwani.

Ya tatu ni neno lenye sura mbili. Kiswahili kimejaa maneno haya, na Kilimanjaro imeongeza ya kwake. "Zamani alitawala, leo anauza sukari ya kupima": MANGI. Aliyekulia Dar es Salaam ataanza na duka la mtaani, aliyekulia Kibosho au Marangu ataanza na watawala wa kale, na wote watakutana kwenye visanduku vitano. "Ni cheo, ni mji, hakina mdogo wake Rombo": MKUU. Na mbuni tuliyemwacha hapo juu: "Mmoja hutimua mbio nyikani, mwingine hasogei kihambani".

Ya nne ni kuunganisha. Unavunja neno vipande ambavyo kila kimoja ni neno. Kilele tunachokiona vizuri zaidi kutoka upande wetu wa Rombo, kile kilichochongoka cha mita 5,149, kinavunjika hivi: "Mawe yametuliwa na nzi mlimani (7)". MAWE na NZI: MAWENZI. Nilipokitunga kidokezo hicho nilitembea nacho siku nzima kama mtoto mwenye shilingi mpya.

Ya tano ni kinyume, mchezo wa watoto wa pwani wa kugeuza silabi ili watu wazima wasielewe. Kigeuze kiwe kidokezo: "Ugeuze mji wa Moshi, utatumbukia". MO-SHI, SHI-MO. Ukitumia aina hii, mwambie mteguaji kwa neno la wazi, kama "geuza", "pindua" au "rudi nyuma", kwamba kuna kugeuza. Neno hilo ndilo sheria yako. Bila hilo umemfungia mlango na kumeza ufunguo.

Sasa dhambi kubwa ya mtegaji: kidokezo chenye majibu mawili sahihi. Niliwahi kuandika "Zao la biashara (6)". Nusu ya kundi wakajaza KAHAWA, nusu MKONGE, na wote walikuwa sahihi, maana nyanda za chini ya Moshi zimelima mkonge tangu zamani. Tiba ni kuongeza jambo moja ambalo jibu la pili halina: "Zao lililowakusanya wakulima katika KNCU mwaka 1933". Hapo mkonge unaondoka wenyewe.

Vivyo hivyo kwa majina ya watu na mahali. "Mangi" peke yake hakitoshi kumfikisha mtu popote, walikuwa wengi. Lakini "Mangi wa Keni anayelaza wageni mlimani kila usiku (7)" kinampeleka kwa HOROMBO, mtawala wa kale wa Rombo ambaye jina lake limebaki kwenye kituo cha kulala cha njia ya Marangu. Hata asiyejua historia ya Keni, kama amewahi kubeba mizigo au kuongoza wageni, atalifikia jibu kwa upande wa pili. Kidokezo kizuri kina njia mbili za kuingilia.

Mpe mtu mmoja kabla ya kuwapa wote

Fumbo halijakamilika mpaka mtu mwingine amelijaza. Mimi nampa shangazi yangu, ambaye hana simu janja na hana subira na ujinga. Namwandikia kwenye karatasi, nakaa kando nikinyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Akikunja uso kwenye namba 7, naandika 7 pembeni. Akiuliza "hii maana yake nini?", kidokezo kimeshindwa, hata kama jibu ni sahihi. Akicheka baada ya kulipata jibu, kidokezo kimepita.

Ukiwa peke yako, lilaze fumbo siku tatu ndani ya daftari, kisha ulijaze mwenyewe kwa kalamu ya wino, ukisoma vidokezo tu. Utashangaa utakavyokwama kwenye maneno yako mwenyewe. Hesabu visanduku mara mbili. Namba ya herufi iliyo kwenye mabano ikikosewa, watu wataliacha fumbo zima wakidhani kosa ni lao.

Kutuma

Fumbo langu la nne lilitatuliwa kwa dakika tatu na kijana wa Tarakea. Nikampongeza, kisha nikamuuliza siri. "Kaka, ukikuza picha, herufi ulizozifuta bado zinaonekana." Penseli huacha kovu kwenye karatasi, na kamera za siku hizi zinaona makovu. Tangu hapo nakala ya kutuma naichora upya kwenye ukurasa mwingine, si ule uliokuwa chini ya nakala ya kazi, maana nao hubeba mchubuko wa penseli.

Piga picha karibu na dirisha asubuhi, simu ikiwa sambamba na karatasi. Itume kama dokumenti badala ya picha ya kawaida. WhatsApp hubana picha na namba ndogo zinageuka ukungu. Pamoja na picha tuma vidokezo kwa maandishi ya kawaida, ili mwenye simu ndogo au bando la kubania asome bila kupakua chochote na achore mraba wake mwenyewe daftarini. Ukiweza kutumia Excel, chora jedwali, zibe visanduku kwa rangi nyeusi, na umepata nakala safi ya kuchapisha steshenari kwa ajili ya wale wasio na simu.

Ratiba isibadilike. Sisi tunatuma Jumamosi saa mbili asubuhi na kutoa majibu Jumapili saa mbili usiku. Muda huo unawaruhusu aliyekwenda sokoni, aliye ibadani na aliye zamu kazini wote wapate nafasi. Majibu yanatumwa pembeni kwa mtegaji, si kundini. Anayemwaga jibu kundini, hata kwa bahati mbaya, anaombwa alifute mwenyewe, mtegaji asimfokee.

Hapa ndipo mji unaporudi. Aliyekwama anamwandikia mtegaji: "Nakupa Himo, namba 4." Mtegaji anajibu kwa sentensi moja ya kuutembelea mji huo, halafu anatoa herufi moja, si jibu zima. "Nimefika Himo, nimekula nyama choma, nimeletewa na soda. Herufi ya tatu ni N." Kila mtu ana miji mitatu kwa fumbo. Mchezo huu umefanya mambo mawili ambayo sikuyatarajia: watu hawaoni haya kuomba msaada, na mimi napata orodha ya vidokezo vilivyowashinda, ambayo ndiyo shule yangu. Namba iliyoniletea miji kumi ina kosa, na kosa ni langu.

Adabu

Kukiwa na taarifa ya msiba kundini, fumbo linasubiri. Usibishane na saa. Watu wanachangishana na kupanga safari ya kuja kuzika. Mraba wako utaonekana Jumamosi nyingine.

Usikusanye kiingilio ili umpe mshindi. Pesa ikishaingia, umesogea kwenye michezo ya kubahatisha, yenye sheria zake, bodi yake na leseni zake, na urafiki wenyewe hauchukui muda kuingia doa. Zawadi ya mshindi iwe kutunga fumbo la wiki inayofuata.

Usipige picha chemsha bongo ya gazeti ukaituma kama yako. Mtu alikaa akaifanyia kazi. Ya kwako, andika jina lako chini yake. Ya mwenzako, ikija na jina lake iende na jina lake.

Na uwe makini na lugha za nyumbani. Neno la Kirombo si lazima lieleweke Machame, na asiyetoka mlimani kabisa hana pa kuanzia. Maneno kama MBEGE, KIHAMBA na MFONGO yameshasafiri na yanajulikana. Mengine yape kidokezo kinachojitosheleza na uyazungushie maneno mepesi pande zote, au uyatungie fumbo lake maalumu litakalosema wazi mapema kwamba leo tunacheza Kichaga. Epuka pia majina ya walio hai kundini, siasa za uchaguzi na utani wa ukoo kwa ukoo. Kwenye maongezi utani hupita na upepo. Kwenye mraba hubaki umeandikwa.

Ikiisha akiba ya maneno

Utafika wiki ya sita na kichwa kitakuwa kitupu. Shika kalenda. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Tunga fumbo la maneno ya lugha yenyewe: IRABU, SILABI, KAMUSI, MALENGA. Tarehe 9 Desemba ina MWENGE, UHURU na KIBO, kwa sababu usiku wa uhuru wa mwaka 1961 mwenge uliwashwa pale kileleni, mita 5,895. Msimu wa kuchuma kahawa una BUNI, MBUNI na MNADA. Siku ya soko haina mwisho: tembea na daftari, andika kila unachokiona kinauzwa, na usiku utakuwa na maneno arobaini.

Kisha kuna mwisho wa Desemba, ambapo barabara ya Himo hadi Tarakea inajaa magari yenye watu wanaorudi nyumbani. Hapo chapisha nakala kubwa, karatasi nne zilizounganishwa kwa gundi, uibandike ukutani palipo na mtori na watu. Mtoto asome vidokezo kwa sauti, bibi ajibu methali, shemeji aliyetoka Dar abishe. Fumbo la mwezi huo lisiwe gumu. Kazi yake ni kuwafanya watu wasimame mbele ya ukuta mmoja.

Hatimaye toa zamu. Kundi lenye mtegaji mmoja hufa siku anapougua. Kwetu mshindi anatunga, na Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya binti wa darasa la sita aliyekuwa akitumia simu ya mama yake. Mraba wake ulikuwa mdogo, mistari imepinda, lakini juu kabisa aliandika sheria zote tano kwa mwandiko wa shule. Nilijaza yote isipokuwa namba 3: "Lima, kisha geuka nyuma uone ulichovuna (4)." Nilijaribu mazao yote ya kihamba. Mimi niliyewafundisha. Saa sita mchana nikamwandikia pembeni: "Nakupa Mkuu."

Akajibu: "Shikamoo mjomba. Mkuu naishi, haunifai. Nipe mji mwingine."

Nikampa Moshi. Akaenda, akazunguka stendi, akala chipsi mayai, akarudi na herufi moja: ya kwanza ni M. Nikacheka peke yangu barazani. Kama wewe bado unahesabu mazao, nipe mji.